Mikono Inayopumua

Benchi lilikuwa mbele ya duka la kushonea nguo, ubavuni mwa kinyozi, na mguu wake mmoja ulikuwa wa tofali. Aliyekaa upande wa tofali alitakiwa asicheke sana, maana akicheka wote wanayumba. Hapo walikutana kila alasiri wanaume wanne waliofikia umri wa kujua mambo yote. Kulikuwa na Wakili, ambaye hajawahi kumtetea mtu yeyote, ila alilinda mlango wa mahakama mpaka akastaafu na kuondoka na maneno ya mle ndani. Kulikuwa na Kamanda, mlinzi wa maghala, aliyebeba bunduki miaka yote ya kazi bila kufyatua hata risasi moja, na bado anasimulia kama mtu aliyerudi vitani. Kinyozi mwenyewe aliitwa Redio, kwa kuwa habari haimpiti, na ikimpita huitunga. Na kulikuwa na Kipimo, fundi cherehani, mwenye duka na mwenye benchi, ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku ya kuzika. Kahawa ilitoka nyumbani kwake, uani nyuma ya duka, katika chupa iliyoletwa na mkewe. Zamani mama huyo alikuwa haleti kahawa tupu. Alileta na utani, akawachambua mmoja mmoja mpaka Wakili anaomba suluhu. Tangu mtoto wao wa pekee afariki, chupa inaletwa, inawekwa, na mlango unafungwa.

Siku hiyo mabishano yalianza kwenye mpira, yakahamia kwenye mvua, yakafika kwenye swali la kama nywele huota haraka kwa mtu mwenye mawazo mengi. Redio alisema huota haraka, tena kazi yake inathibitisha. Wakili alisema hilo ni dai lisilo na ushahidi. Kipimo alikuwa amepakata suruali ya mteja, anafumua pindo kwa kiwembe, kimya. Wenzake walikuwa wameshauzoea ukimya wake. Walipiga kelele kumzunguka, kama watu wanaopika karibu na mgonjwa na kujifanya hawamwangalii.

Basi aliposema kitu, wote walimgeukia.

— Hivi mtu wa kwenye gemu, mashine ikizimwa, huwa anasikia njaa?

Redio alitaka kucheka. Akakumbuka kwamba amekaa upande wa tofali, kisha akauona uso wa Kipimo, na kicheko kikaishia tumboni.

— Mtu gani, ndugu yangu? aliuliza Wakili, kwa sauti ambayo si ya mahakamani.

Kipimo akaeleza, macho yakiwa kwenye pindo. Kijana wake alikuwa na mchezo kwenye ile mashine ya kuunganishwa na televisheni. Ni mchezo wa nchi iliyoharibika. Watu wamekimbia, wameacha viwanda, vituo vya mafuta na nyumba zenye meza zilizoandaliwa. Ukungu hauishi. Ndani ya ukungu kuna vitu vinatembea ambavyo zamani vilikuwa binadamu, na huvioni mpaka viwe karibu. Wewe uko peke yako na bunduki yenye risasi chache na taa ya mkononi. Lazima ule, lazima unywe, lazima uote moto, la sivyo unakufa hata kabla hujaguswa na chochote. Kijana alikuwa akimweleza hayo kila alipompelekea chakula chumbani, na Kipimo alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo, huku akiangalia kama sahani ya mchana imeliwa.

Siku kifua kilipombana, kijana alikuwa ndani ya kibanda fulani cha mbao kwenye huo mchezo. Kuna moto humo. Alishamwambia baba yake kwamba penye moto ndipo penye usalama, hakuna kinachokuja, na mchezo unajisevu wenyewe, yaani unakumbuka ulipofikia. Alivua visikizio vya masikioni, akatoka kwenda hospitali kwa miguu yake, akamwambia mama yake asimfungie mlango. Hakurudi.

— Kwa hiyo yule mtu yuko pale pale, alisema Kipimo. Kwenye kibanda. Mimi kila mchana naenda kumwasha.

Hakuna aliyelijua hilo. Walikuwa wakidhani kile kipindi cha mchana ambacho duka hufungwa ni cha kulala.

Mashine ikiwaka huja maneno mawili, moja juu ya lingine, kwa lugha ya kigeni. Kipimo hawezi kuyasoma, lakini kijana alimwonyesha: la juu maana yake endelea, la chini maana yake anza upya. Anabonyeza la juu. Kinatokea kibanda, moto, na mlango ulioachwa wazi kidogo. Sura ya mtu haionekani, kwa sababu unaangalia kupitia macho yake mwenyewe. Kinachoonekana ni mikono tu. Wa kushoto umeshika taa, wa kulia umeinamisha bunduki, na glavu ya kulia imefumuka kwenye dole gumba. Fundi aliuona mshono huo siku ya kwanza na mpaka leo unamkera. Asipogusa kitu, mikono ile inapanda kidogo na kushuka, inapanda na kushuka, na sauti inasikika.

— Sauti gani? aliuliza Kamanda.

— Anapumua. Anapumua vizuri, tena taratibu.

Kipimo alikata uzi mmoja, akautupa. Aliwaambia kwamba pale hospitali kijana hakupumua hivyo. Wao watatu walimjua yule kijana, walimwona tangu akibebwa mgongoni, na hakuna aliyetaka aendelee na sentensi hiyo. Hakuendelea. Alisema tu kwamba pembeni kuna kipicha cha bakuli, na ukikaa sana bila kumlisha, bakuli linageuka jekundu. Likianza kuwa jekundu yeye huzima haraka. Kumlisha hajui. Anaogopa kubonyeza kitufe kisicho chake akamtoa nje kwenye ukungu. Ndiyo maana anauliza: akizima, njaa inasimama au inaendelea huko huko gizani?

Mtu mwingine angesema hajui. Lakini benchi lile halikuwa na desturi hiyo, na zaidi ya hapo, hawakuwa na kitu kingine cha kumpa rafiki yao isipokuwa maneno. Wakili ndiye aliyetangulia. Alikohoa, akavuta suruali magotini.

— Kwa mujibu wa utaratibu, shauri hilo limeahirishwa. Mashine ikizimwa, muda hauhesabiki. Shauri likiahirishwa mtu hali, hanywi, hazeeki. Anangoja tarehe.

— Hazeeki? Redio alidakia. Si wewe uliyetuambia kuna bwana aliingia kwenye kesi ya kiwanja na nywele, akatoka na upara?

— Yule alikuwa mlalamikaji. Mlalamikaji anazeeka. Huyu wetu hana anachokilalamikia.

Kamanda hakuafiki. Kwake suala halikuwa njaa hata kidogo. Mlinzi aliye kwenye lindo huzoea kushinda bila kula, tumbo lenyewe linajua liko kazini. Yeye aliwahi kukaa ghalani usiku kucha na andazi moja tu, na asubuhi andazi lilikuwa bado mfukoni. Alitaka kujua kibanda kina mlango wa nyuma au hakina. Alitaka kujua risasi zimebaki ngapi. Aliposikia kwamba mlango wa mbele uko wazi kidogo, alishika kichwa kwa uchungu wa kweli kabisa.

— Mlango wazi na ukungu nje, na mtu mmoja tu? Hapana, bwana. Hiyo haikubaliki. Tugawane zamu. Mmoja anakaa naye mchana, mwingine jioni. Mimi nitachukua usiku.

— Utafanya nini usiku na wewe hujui hata kuwasha? aliuliza Wakili.

— Nitakaa. Lindo ni kukaa.

Redio alingoja wamalize. Alipenda kusema wa mwisho, maana wa mwisho habishiwi. Aliwaeleza kwamba wote wawili wako nyuma ya wakati. Mashine za siku hizi hazilali. Ukizima unazima kioo tu. Zenyewe zinabaki zinaongea hewani, moja na nyingine. Kuna mteja wake alikuwa na mchezo kama huo, akamwacha mtu wake amevaa koti jeusi, asubuhi akamkuta na koti la kahawia. Alilitoa wapi? Basi huyu wa Kipimo hana njaa hata kidogo. Akizimiwa anatoka, anakwenda kula kwenye gemu za watu wengine, anarudi na kukaa pale pale kabla hajawashwa. Wakili aliuliza huyo mteja ni nani. Redio akasema amehama. Kamanda akauliza kama akitoka huwa anafunga mlango. Redio aliona wasikilizaji wamekolea, na mtu kama yeye hapo hasimami, akaongeza mafuta.

— Tena kuna jambo watu hawasemi wazi. Hizo mashine zinamjua mwenyewe. Zinajua vidole vyake. Mwenyewe hata akiwa mbali namna gani, akitaka kucheza anacheza. Huyo kijana huko aliko, nani kakwambia kwamba haushiki huo mchezo kila siku? Nani kakwambia hizo pumzi si yeye?

Kiwembe cha Kipimo kilisimama. Alinyanyua uso, na ndani ya uso ule mlikuwa na kitu ambacho Redio hajawahi kukiona kwa mtu mzima: matumaini, yamesimama wazi bila aibu.

— Sema tena, alisema Kipimo.

— Nini?

— Hicho ulichosema. Sema tena.

Redio, ambaye hajawahi kukosa neno hata msibani, alitazama mikono yake. Akaipangusa kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. Mwishowe alisema kwamba alikuwa anaongea tu, ndugu yangu, alikuwa anaongea tu kama anavyoongea siku zote. Kipimo aliitikia kwa kichwa polepole kuonyesha kwamba ameelewa, akarudi kwenye pindo. Redio alijichukia alasiri ile kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Wakili alijaribu kuokoa jahazi kwa upole. Aliuliza kama Kipimo amewahi kumkuta yule mtu amesogea, japo hatua moja. Hajawahi, alijibu Kipimo. Yuko pale pale, anautazama mlango. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo na kuufunga tena ni kazi, akatoa lililokuwa limemleta kwenye swali lenyewe. Leo mashine inachukuliwa. Mkewe ameitoa kwa binti wa dada yake Kipimo, na binti anakuja jioni hii. Vijana wakipata mashine huwa wanafuta vya mwenzao na kuanza upya. Ndivyo alivyosikia. Wakishabonyeza lile neno la chini, kibanda hakipo, na aliyemo hayupo.

Benchi zima lilichachamaa. Kamanda alisema mkatalie. Wakili alisema mali ya marehemu haitolewi bila kikao, na kikao ni hiki hapa, na kimekataa. Kipimo aliwaacha waseme.

— Chumba kile na chetu vinatenganishwa na ubao, alisema. Mimi nikiwasha mchana, mama yake yuko upande wa pili anakunja nguo za watu. Sikuwahi kuwaza kwamba anasikia.

— Akasemaje? Redio aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

— Alisema, "Wewe unasikia anapumua, unafurahi. Mimi nakaa hapa nangoja hiyo pumzi ikome."

Hakuna aliyemkatalia tena mtu yeyote. Wakili alimimina kahawa kwenye kikombe cha Kipimo ingawa cha kwanza hakijanywewa, ikafurika. Walikuwa wamekaa upande wa rafiki yao kwa moyo wote, na sasa waliona kwamba nyuma ya ubao kuna mtu mwingine, ambaye kila alasiri huwaletea kahawa na kurudi kusikiliza. Kipimo mwenyewe aliumia kwa namna mpya. Kile alichokuwa akikinyemelea kila mchana ili apate nafuu, ndicho kilichokuwa kikimmaliza mwenzake.

Binti alifika jua likiwa limeshuka upande wa pili wa barabara. Alifanya kazi kwenye duka la mikate na unga ulikuwa bado kwenye viwiko vyake. Alikuwa na begi kubwa tupu mgongoni.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, waliitika kwa pamoja, na wote wakalitazama begi.

Kipimo hakuinuka. Alimwuliza habari za mama yake, habari za kazi, habari za mama yake tena. Binti alijibu zote, akimwona mjomba wake anavyolizunguka jambo. Ikabidi Wakili amweleze, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alieleza bila kutia neno hata moja la mahakamani. Alieleza kibanda, moto, mlango, mikono na bakuli. Alieleza lile neno la juu na lile la chini. Upande wa mama hakuusahau. Binti alichuchumaa mbele ya benchi ili awe sawa na macho ya mjomba wake.

— Mjomba, mimi sifuti, alisema. Sianzi upya. Kwa nini nianze upya na yeye amefika mpaka pale? Nitabonyeza la juu. Nitamlisha. Hana njaa kubwa, bakuli linajaa tu akipata kitu. Halafu nitaendelea naye.

Kamanda alishusha pumzi kwa nguvu, kama aliyepata wa kumpokea zamu. Akamwuliza kama anajua kufunga mlango. Anajua. Akamwuliza kama risasi zinaweza kuongezwa. Zinaweza, ukizitafuta. Redio alisema aliona tangu mwanzo kwamba binti huyu ana akili. Kwa muda kidogo lile benchi lilirudi kuwa benchi, na hata Kipimo alivuta futi shingoni mwake akaanza kuikunja, jambo alilokuwa akilifanya kila akimaliza kazi.

— Ila kuna kitu kimoja, alisema binti. Huu mchezo hauna njia. Hakuna anayekwambia nenda hapa, nenda pale. Nchi nzima iko wazi na kila mtu anachagua mwenyewe. Sasa mimi nikimtoa pale kibandani nisimpeleke kusiko kwake. Kaka alikuwa anaelekea wapi?

Wakili alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, wakaona wote, likarudi. Kamanda aliitazama barabara upande mmoja, akaitazama upande wa pili. Redio alichukua chupa ya kahawa akaitikisa, ingawa kila mtu alikuwa na kahawa kikombeni, na haikutoa mlio wowote.

Wote walimgeukia Kipimo. Yeye alikuwa amemshonea kijana yule kila nguo aliyovaa tangu ya kutambaa. Alijua bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto na alikuwa akilificha kwa kitambaa cha ndani. Alijua hakupenda kola inayobana. Mchezo ule alikuwa amesimuliwa mara nyingi, wa ukungu na viwanda na vitu vinavyotembea, na alikuwa ameitikia ndiyo, ndiyo. Huenda aliambiwa. Huenda palikuwa na mji fulani, au mlima, au mtu wa kutafutwa, na kijana alilitaja jina lake huku baba anaangalia sahani. Huenda hakuambiwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado anawaza pale kwenye moto, na alidhani anao muda. Kipimo alipekua kichwani mwake kote na hakukuta kitu. Aliona aibu, kisha aibu ikaondoka, ikabaki huzuni peke yake, nzito, ya kukaa.

Mlango wa uani ulifunguka. Mkewe alikuja kuchukua chupa, akawakuta wote wamemgeukia Kipimo, akasimama.

— Mama, alisema Kipimo. Kijana wetu kwenye ule mchezo, alikuwa anaelekea wapi?

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza jambo lolote kuhusu chumba kile. Mama aliangalia begi, akamwangalia binti aliyechuchumaa, akamwangalia mumewe na ile futi iliyokunjwa nusu. Alifikiri kwa muda mrefu, akitafuta kwa bidii kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na wanaume wanne walimngoja kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa jaji yeyote.

— Hakuniambia, alisema. Nilidhani amekwambia wewe.

Akakaa kwenye benchi. Hapakuwa na nafasi, lakini Redio aliinuka haraka, na mama akakaa upande wa tofali, begani kwa mumewe, na hakurudi ndani.

Kipimo ndiye aliyeingia. Walisikia akivuta waya ukutani. Alirudi na mashine ameifunga kwenye kipande cha kitambaa kizuri, kile cha suti ambacho alikuwa akikiweka kwa ajili ya mtu ambaye hakumtaja, akampa binti mikononi badala ya kuitia kwenye begi. Binti aliahidi kuja kuwaeleza kila anapofika, na mama akamwambia aje Jumapili, ale nao.

Mama alinyoosha mkono akaufunga vizuri ule mkunjo wa kitambaa uliokuwa umelegea.

— Nenda naye popote unapoona panafaa, alimwambia. Ila akichoka, mpumzishe.